Kitu cha Kumeza Moto

Kanga, Mafia
23 Februari 2025

Mpwa wangu Luqmani,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mola. Mama yako hajambo, analalamika miguu tu, na akija mgeni wa kupiga naye soga miguu inapona hapo hapo. Mkaza mjomba wako Kidawa anakusalimu sana, anauliza kama baridi ya Arusha imekubakishia pua. Mihogo imekomaa na konde la mpunga tumeshalitifua, tunangoja mvua. Arobaini ya mdogo wako Sadick tuliisoma wiki iliyopita, watu wakajaa mpaka uani. Shemeji yangu Mfaume, yule mdogo wake Kidawa wa mwisho, ndiye aliyeleta nyama. Hukuja, nami sikulaumu. Kazi ya watu ni kazi ya watu.

Jambo lililonikalisha chini niandike ni la bunduki. Unawajua nguruwe wa huku. Jua likianza kuzama tunapanda dunguni, kwenye kichanja cha kulindia konde, mimi na Kidawa, yeye anashika tochi na mimi nashika bunduki. Nikipiga, moto unatoka mdomoni mwa mtutu mkubwa kama jiko lililomwagiwa mafuta ya taa, na macho yote mawili yananiaga. Sijui nimempata, sijui nimemkosa. Juzi nilimpiga jike mmoja, akaenda anaburuta matumbo kwenye matuta huku analia, na mimi nimekaa juu nafikicha macho kama mjinga. Bwana mifugo Kassian ndiye anayekuja asubuhi kuwachukua, kwa sababu yeye na wenzake wa bara wanakula. Sisi hatugusi, na Kidawa hapiti hata karibu na damu yao. Yule jike Kassian alimkuta mbali sana, bado anapumua, akammaliza kwa shoka.

Sasa nasikia kuna kitu kinafungwa mdomoni mwa mtutu kinaumeza ule moto. Wewe si ndiye fundi wa bunduki za wawindaji, matajiri wanakuita kwa jina. Nitafutie hicho. Barua hii anayo Abubakari, anaipeleka Dar pamoja na nazi zake, na huko anaitia kwenye basi la Arusha. Nawe rudisha kwa njia hiyo hiyo. Usinipigie simu. Yangu naizima siku hizi, na ya Kidawa inasikilizwa na nyumba nzima.

Ni mimi mjomba wako,
Hafidhi


Arusha
14 Machi 2025

Mjomba Hafidhi,

Shikamoo. Ramadhani karim. Sisi hatujambo, mke wangu Tumaini tumbo limekua, daktari anasema mwezi wa sita mwanzoni. Anafunga kwa ubishi, nikimkataza ananiambia nikatengeneze bunduki. Msalimie sana mkaza mjomba, mwambie pua ipo ila siisikii. Nilimtumia mama dawa ya miguu, tafadhali hakikisha anapaka yeye na si kuwagawia majirani.

Habari ya mtutu. Vitu ni viwili na watu huvichanganya. Kimoja kinaitwa breki. Kina matundu ubavuni, upepo wa baruti unatupwa kulia na kushoto, na bunduki inaacha kukupiga teke begani. Kingine ni kizimamwako. Hicho kina vidole kama uma, kinauchana ule moto vipande vipande mpaka usionekane kwa mbali, lakini teke linabaki lile lile. Mtu hufunga kimoja, hafungi vyote. Breki inalihurumia bega, na kwa upande wa moto na kelele inaongeza badala ya kupunguza. Kizimamwako kinakuficha, na bega litajijua.

Wewe, Mjomba, bega lako lilivunjika ulipoanguka mnazini na halikuunga sawa. Kwa risasi kubwa kama zile zako, ukiniuliza kama fundi, nakupa breki. Ubaya wake ni mmoja tu, aliyekaa ubavuni mwa bunduki anapigwa na ule upepo. Nimemwona mfuata nyayo mmoja huku porini akitoka damu masikioni kwa sababu alisimama pasipo pake. Kwa hiyo mkaza mjomba itabidi akae nyuma yako.

Halafu nikuulize, na usinune. Wanaokuja kwangu kutaka kizimamwako ni askari wa doria. Wanakitaka kwa sababu wanaowapiga wanaweza kuwapiga na wao. Nguruwe akipigwa haangalii moto umetokea wapi, anakimbia. Anayeangalia moto umetokea wapi ni mtu. Wewe wa nini?

Na jingine, ambalo limekaa kifuani kwangu tangu mwezi wa kwanza. Mama aliniambia alionyeshwa uso wa Sadick kabla hajafunikwa, na kwamba alikuwa kama kalala. Mwaka juzi tulimbeba mpishi wa kambi aliyekamatwa na kiboko. Hakuwa kama kalala. Tulimkusanya kwa turubai. Wewe ndiye uliyemwosha Sadick, ukasema ni kiboko. Huyo kiboko alimuuma wapi?

Mpwa wako,
Luqmani


Kanga
9 Aprili 2025

Luqmani,

Marahaba. Idi imepita salama, mama yako anapaka dawa yako na amewagawia majirani kama ulivyohofia. Mvua zimeshuka vizuri, mpunga umesimama. Kidawa amefurahi habari ya tumbo la Tumaini, tayari anachagua vitambaa.

Barua yako niliipata mfungo unaingia kumi la mwisho, nikaiweka juu ya kabati. Nilitaka nimalize kufunga bila kukutukana. Sasa nimefungua, nakutukana. Una kichwa kigumu kama cha baba yako. Mimi naosha maiti za kijiji hiki tangu wewe hujazaliwa. Nimeosha wazee, nimeosha vichanga, nimeosha waliotolewa baharini samaki wameshakula macho. Umewahi kunisikia nasimulia? Tunayoyaona nyuma ya pazia tunayafukia pamoja na mwenyewe. Hata mama yake hatumwambii. Aliyenifundisha kazi hii alinishikisha msahafu juu ya hilo, na alikufa akijua nitatunza. Usiniulize tena kiboko aliuma wapi.

Na bega ni langu. Likivunjika nitalifunga mwenyewe.

Eti Kidawa akae nyuma. Umesahau kwenu? Tochi ikiwa nyuma yangu, kivuli changu kinatangulia kwenye mpunga na nguruwe anatoweka. Tena konde ni lake. Huku konde la mpunga ni la mwanamke na mwenye konde ndiye anayemulika, mwanamume kazi yake ni kupiga. Siku nikimwambia Kidawa asogee atataka kujua kwa nini, na Kidawa akitaka kujua hulali. Kwa ajili hiyo pia nataka kile cha pili, kisichompulizia mtu. Umepata sababu yako, tosheka nayo.

Mfaume alikuja kula Idi kwetu. Amenunua pikipiki. Alikaa mkekani karibu na mimi, tukala sinia moja, akawa anamega pilau upande wangu. Ameikata kucha yake ile ndefu ya kidole kidogo aliyokuwa akiringia. Kidawa akamuuliza, lile shati jeupe nililokushonea Idi ya mwaka jana mbona hukulivaa. Akasema limeungua na pasi. Mimi nikamaliza chakula changu nikanawa.

Nitumie nilichokuomba kabla mpunga haujaiva.

Hafidhi


Arusha
4 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Tumaini hajambo, amevimba miguu, sasa yeye na mama wana la kuzungumza. Kazini tuko salama. Msalimie mkaza mjomba, vitambaa achague vyepesi, huku mtoto atafungiwa blanketi vyovyote vile.

Umenikatalia, nikampigia Kassian. Usimkasirikie, mimi ndiye niliyembana. Aliniambia ng'ombe wa mama walikuwa wanapotea tangu mwaka jana, na vichwa vyao vilikutwa kwenye nyasi za lile bwawa la viboko. Sadick alikuwa amekwenda kwake siku mbili kabla, amekasirika, akamwambia sasa anamjua anayechinja. Kassian akamwambia asiende bwawani peke yake. Alikwenda. Kassian ameniambia pia kwamba nyama iliyoliwa kwenye arobaini haikupita kwake kukaguliwa. Mjomba, ina maana mama yangu alilisha watu ng'ombe wake mwenyewe kwenye hitima ya mwanawe, na aliyemletea akapokea shukrani.

Hujalitaja jina kwa ubaya popote. Lakini umeniandikia habari ya kucha ya mtu. Tangu lini wewe unaangalia kucha za watu?

Sasa nikueleze nilichofanya. Kizimamwako ninacho, kiko kwenye droo hapa ninapoandikia. Nimekifunga kwenye gazeti. Nimekifungua. Nimekifunga tena. Nikimkumbuka Sadick anavyocheka nataka nikilete mwenyewe na nikushikie tochi. Nikikukumbuka wewe, mtu mzima, unaburutwa na pingu mbele ya mama, nakirudisha kwenye droo. Basi nimekutumia breki. Inalia kama radi na inawaka pande zote mbili. Ukipiga jua likiwa limezama, hata walio msikitini watajua ni wewe na umepiga wapi. Kwa nguruwe haina ubaya, na itakuponyesha bega. Kwa kitu kingine chochote haikufai, na ndiyo maana nimekuchagulia hiyo.

Nenda polisi ukaseme ulichokiona. Mungu hakuchomi kwa kusema kweli juu ya mtu aliyeuawa.

Na kama utaifunga, mkaza mjomba asikae ubavuni. Hili sifanyi mzaha. Mwambie uongo wowote unaoujua, lakini asikae ubavuni.

Luqmani


Kanga
28 Mei 2025

Luqmani mwanangu,

Marahaba. Kifurushi kimefika salama, kimefungwa vizuri. Nyumbani wazima. Mpunga umetoka masuke, Kidawa anashinda kondeni akifukuza ndege, sauti imemkauka.

Nilisema sitasema. Lakini nimelala nikiliwaza neno lako, nikaona baba yako hayupo, basi mwenye damu ya Sadick ni wewe. Mwenye damu ana haki yake. Nakuambia wewe tu, kisha barua hii uichome.

Walimtoa bwawani asubuhi wakamleta kwangu amefunikwa shuka. Niliyekuwa nimemweka kunimiminia maji nilimtoa nje ya pazia nilipoona. Kisogo kilikuwa kimefunguka mpaka mfupa. Panga, Luqmani. Moja, kwa nyuma, na hilo lilikuwa la mwisho. Ya kwanza aliyakinga kwa mikono. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vinaning'inia kwa ngozi, nikavipanga nikavifunga kwa pamba ili vitulie. Magoti yamechubuka, aliburutwa. Kwenye shavu, chini ya jicho, kulikuwa na mkwaruzo mrefu wa ukucha. Nikampaka kafuri nyingi pale, ndipo nikamwita mama yako aje amwone uso. Alikuwa kama kalala kwa sababu nilimtengeneza awe kama kalala.

Mkono wa kushoto ulikuwa ngumi. Nikaufungua kidole kimoja kimoja. Ndani kulikuwa na mfuko wa shati jeupe, umeng'oka mzima na kifungo chake. Umeshonwa kwa uzi wa kijani. Nakumbuka siku ile uzi mweupe ulimwishia Kidawa, akasema ashone tu na wa kijani, kwa mbali hautaonekana. Nimeishi na mwanamke huyu maisha yangu yote, mshono wake naujua kama ninavyoijua sauti yake.

Nikatoka nje, watu wamejaa, nikasema kiboko.

Unaniambia polisi. Polisi watamwita nani autambue mshono? Watamwita Kidawa, amfunge mdogo wake aliyemlea mgongoni. Kisha Mfaume atakaa ndani, ataletewa chakula, siku moja atatoka, atakuja tena kumega pilau upande wangu wa sinia. Siwezi. Namchukia. Sitaki afungwe. Nataka alale chini kama alivyomlaza yule mtoto, na ajue ni kwa nini.

Breki nimeifunga. Ulidhani utanizuia kwa kelele. Kila jua likizama anapita ukingoni mwa konde letu akitokea bwawani. Mimi nilitaka kitu cha kunificha, wewe umeniletea cha kunitangaza. Haya, nitatangazwa.

Hafidhi


Arusha
7 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Idi njema. Tumaini amejifungua salama, mtoto wa kiume, ana mapafu kama ya muadhini. Tumemwita Sadick. Mwambie mama, nami nimempigia lakini nataka alisikie na kwako.

Umeniita mwenye damu. Basi nisikilize kama mwenye damu. Nimesamehe. Usidhani simchukii. Lakini nimembeba huyu mtoto kifuani na sitaki jina alilopewa liwe na deni la mtu mwingine kufa. Damu ni yangu na nimeiachia. Huna ruhusa yangu, Mjomba. Ukipiga, unapiga kwa hasira yako, usiseme ni kwa ajili ya Sadick.

Nimekupigia simu kutwa, imezimwa. Nikampigia mkaza mjomba. Alifurahi, akampigia mtoto vigelegele kwenye simu, akasema atamshonea kofia. Nikamwambia asikae ubavuni mwa bunduki yako. Akacheka. Akasema, "Mwanangu, nisipokaa hapo nitakaa wapi?" Ningemwambia nini zaidi? Kwamba mumewe anamwinda mdogo wake? Nikamuuliza habari ya mpunga, akasema unaiva vizuri, tukaagana. Tangu hapo silali.

Ing'oe hiyo breki uitupe. Mtoto akifikisha arobaini nakuja na mama yake, tukae tuzungumze kama watu.

Luqmani


Kanga
20 Julai 2025

Luqmani mwanangu,

Marahaba, na hongera ya mtoto. Mungu amkuze awe na adabu kuliko baba yake. Mama yako aliposikia alicheza mpaka miguu akaisahau. Kofia ya mtoto iko humu ndani ya bahasha, Kidawa ameimaliza juzi. Mpunga tumevuna, umejaa ghala.

Barua yako ya msamaha ilinifikia mambo yameshakwisha. Abubakari alishikwa na homa Dar, akalazwa, na mfuko wake ukalala naye. Najiuliza kama ningeipata mapema ningefanya nini.

Siku ile nilitaka kumwacha Kidawa nyumbani. Nilimwambia ana kifua, apumzike. Akaniuliza konde la nani, akachukua tochi akanitangulia, akapanda dunguni kwanza, akakaa kulia kwangu pale pale pake. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia asogee. Nikaogopa maswali yake.

Jua lilikuwa limezama, adhana bado. Mpunga ukatikisika ukingoni. Kidawa akawasha tochi kabla sijamwambia, kwa mazoea, na mwanga ukamkuta Mfaume kifuani. Alikuwa na paja la ng'ombe begani, damu imemshuka mpaka kiunoni. Akakunja uso kwa mwanga. Kidawa akasema, "Ni Mfaume huyo, usipige."

Nilimsikia vizuri sana. Nikapiga.

Moto ukatoka kulia na kushoto kama ulivyosema, na mlio sijawahi kuusikia maishani. Bega halikuuma hata kidogo. Breki yako ni nzuri. Risasi ilimwingia chini ya koo ikamfungua mgongo, paja la ng'ombe likarukia kule. Hakuanguka. Alikaa chini kwenye mpunga, akawa anajipapasa kifuani kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Nikashuka nikamwendea. Povu jekundu lilikuwa linamtoka puani. Nikautoa ule mfuko wa shati nikamshikia mbele ya macho. Aliuangalia, au aliangalia tu, siwezi kujua. Nilikaa naye mpaka akanyamaza. Nilidhani nitasikia raha, Luqmani. Nilisikia harufu ya kinyesi na baruti, basi.

Niliporudi, Kidawa alikuwa chini ya dungu. Aliangushwa na ule upepo. Damu masikio yote mawili, nyusi za upande wa bunduki zimeungua, macho yamefunguka lakini hayaoni. Anapapasa hewa huku anapiga kelele, na nikimjibu anazidi kupiga kelele. Nikambeba nyumbani nikamwita mama yako. Kisha nikarudi kondeni nikajitwika Mfaume begani mpaka bwawani. Kwa bega hilo hilo ulilolihurumia. Lingepigwa teke kama zamani, nisingeweza kumwinua, angebaki pale na Kassian angemkuta akija kutafuta nguruwe wake.

Kassian alikuja asubuhi. Aliona damu ukingoni na mpunga uliolala. Akaniuliza nguruwe yuko wapi, nikamwambia nimemkosa. Akaondoka na gunia lake tupu. Haji tena kwetu.

Kijiji kizima kilisikia ule mlio. Ulidhani kelele zitanifunga mikono. Hakuna aliyeuliza. Walipomtoa bwawani wakasema kiboko, wao wenyewe, kwa midomo yao, mimi sikufungua mdomo. Wananijua, na pengine walimjua na yeye. Kisha wakaja mlangoni kwangu kuniita nikamwoshe.

Nilimwosha. Maji niliyapima moto kwa kiwiko kama ninavyowafanyia wote. Tundu la mbele nililiziba kwa pamba na la nyuma kwa kitambaa, kwa sababu pamba haikutosha. Wa kumimina maji nilimweka nje ya pazia. Nilipomaliza nikamtengeneza uso, nikamwita dada yake aje amwone. Macho ya Kidawa yalikuwa yameanza kurudi. Aliinama akamtazama mdogo wake, alikuwa kama kalala. Kisha akainua uso akanitazama mimi.

Macho yamerudi yote. Masikio hayakurudi. Nimempeleka hospitali, wamechungulia, wakanitikisia kichwa. Hasikii adhana, hasikii kuku, hasikii mimi. Nadhani kitu cha mwisho alichokisikia duniani ni sauti yake mwenyewe ikiniambia nisipige. Nilimwonyesha kwa mikono kwamba niliyempiga alikuwa nguruwe. Hakutikisa kichwa kukubali wala kukataa. Kwenye msiba wanawake walikuwa wanalia, na yeye amekaa katikati yao anawatazama midomo.

Ameacha kuzungumza. Mimi nikitaka kumwambia neno inabidi niandike, na yeye anasoma. Naandika chai. Naandika anua nguo, wingu hilo. Naandika mama Luqmani anakusalimu. Anasoma, anainuka, anafanya. Halafu kila tukimaliza kula anafuta mkeka, analeta karatasi na kalamu, anaviweka mbele yangu, anakaa. Haonyeshi ishara yoyote. Ananipa kalamu tu, anakaa. Mimi naandika Mungu atupe subira, anasoma, anaigeuza karatasi upande mweupe, ananirudishia.

Leo pia ameileta. Ndiyo karatasi hii ninayokuandikia. Yuko hapa mbele yangu mkekani, mikono mapajani, hajaondoa macho kwenye kalamu. Hajawahi kuniona naandika mengi hivi, na anadhani namwandikia yeye. Nimefika mwisho wa karatasi, Luqmani, na amenyoosha mkono aipokee.